Mkiwa mmechoka kabisa, nguvu za kazi za nyumbani mnazitoa wapi?

#1 Mama Watatu
Habari za usiku wana jukwaa. Nipo Mtwara mjini, Chikongola. Nafundisha shule ya msingi, nina watoto watatu, mdogo ana mwaka na miezi minne na bado ananyonya. Baba yao ni dereva wa lori, msimu huu wa korosho simuoni. Leo yupo Tandahimba, kesho Masasi, keshokutwa yupo foleni ya bandarini anasubiri kushusha mzigo.

Swali langu ni hili. Mtu akishachoka, nguvu za kuosha vyombo anazitoa wapi? Narudi nyumbani saa tisa na nusu, nakaa ukingoni mwa kitanda nivue viatu, na nikishakaa basi, sinyanyuki. Usingizi siyo, maana silali. Naliona karai la vyombo pale mlangoni, vya tangu asubuhi, na mwili haujibu. Jana nimekaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Watoto wamekula mihogo ya kukaanga ya kununua, siku ya tatu mfululizo. Nguo za kufua zimejaa ndoo mbili na beseni.

Sikuwa hivi. Mwaka juzi nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, nafagia uwanja, nachota maji, napiga deki, naandaa chai, na saa moja kasoro nipo shuleni. Sasa nimeanza kujichukia. Ninyi mnafanyaje?

#2 Kuchele_86
Pole sana dada. Mimi naona ni joto tu. Mwezi huu wa 12 Mtwara inawaka kuliko hata Dar. Kazi fanya kabla jua halijachomoza, mchana lala.

#3 Fundi Friji Lindi
Kuchele, hapo kwenye Dar nakurekebisha kidogo. Nimekaa Dar miaka sita na sasa nipo Lindi. Joto halipishani sana, ni nyuzi 31 au 32 mchana huku na kule. Kinachochosha ni unyevu wa pwani wakati huu upepo wa kaskazi unavuma: jasho halikauki mwilini, kwa hiyo mwili haupoi. Mwezi wa 6 na wa 7 kusi likivuma, watu haohao wanafua marundo ya nguo wakiimba.

Ila kulala mchana na mwalimu wapi na wapi? Mama Watatu yupo darasani saa hizo.

#4 Babu wa Newala
Poleni na majukumu. Mimi ni mtu mzima, nitasema ninachokijua. Mama zetu kule juu Newala walikuwa wanashuka ng'ambo ya mteremko usiku kufuata maji bondeni na kupanda nayo kichwani kabla hakujapambazuka. Wakifika wanatwanga, wanapika, wanakwenda shamba. Hayo maji ya bomba yanayosukumwa kutoka Mitema yalikuja baadaye, na hata sasa yana zamu. Sikuwahi kumsikia mama yangu akisema amechoka. Wasichana wa leo mna bomba uani, mna mkaa wa kununua, mna unga wa mashine. Nadhani mazoea ya simu na kukaa ndiyo yanayolegeza mwili. Nasema kwa mapenzi, binti yangu, si kwa kukuvunja.

#5 Mjukuu wa Mikindani
Babu shikamoo. Naomba nikujibu kwa adabu.

Bibi yangu naye alikuwa wa huko huko juu kabla hajaolewa Mikindani. Nilimuuliza akiwa hai. Maji walikwenda kuteka wakiwa wanawake sita, saba, dada na wake wa kaka, na aliyejifungua hakwenda mpaka miezi ipite. Wenzake walimpelekea. Kutwanga walitwanga wawili wawili kinu kimoja. Mtoto wa mgongoni alibebwa na dada yake wa miaka minane. Mama Watatu yuko peke yake ndani ya vyumba viwili, anafundisha watoto wa watu mchana kutwa na akirudi anaanza kazi ya watu sita.

Halafu babu, hukumsikia akisema amechoka. Je, ulikuwa unakaa naye jikoni?

#6 Nesi Mstaafu Masasi
Nimesoma, na kabla hatujaendelea na mama zetu nataka kumuuliza mwenye uzi maswali machache. Ukipanda ngazi au ukitembea haraka moyo unaenda mbio? Ukisimama ghafla unaona kizunguzungu? Hedhi imesharudi tangu ujifungue, na inatoka nyingi? Na swali ambalo wanawake wengi huona aibu kulijibu: unatamani udongo, mchele mbichi au barafu?

Nauliza kwa sababu nimekaa wodini na kliniki miaka mingi huku kusini, na mwanamke wa aina hii akija, kitu cha kwanza nilichokuwa nakitazama ni kope za chini na viganja. Damu ikipungua hakuna dawa ya kujikaza. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni kupeleka kwenye misuli, sasa zikiwa chache, hata kuinua karai ni kazi ya kweli mwilini. Mwanamke asiye na mimba akiwa na himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 12 kwa desilita tunasema ana upungufu wa damu. Mjamzito ni chini ya 11, mwanamume chini ya 13. Ule utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu huo Tanzania. Karibu nusu yetu, jamani. Kwa hiyo kabla hatujamwita mtu mvivu, tumpime kwanza.

#7 Mama Watatu
Nesi, nimesoma maswali yako mikono ikitetemeka. Moyo unaenda mbio hata nikiandika ubaoni. Kizunguzungu kipo. Hedhi ilirudi mtoto akiwa na miezi saba na ni nyingi kuliko zamani. Na udongo nakula. Nanunua sokoni vile vipande vya kuoka, nauficha kwenye pochi ya shule. Sijawahi kumwambia mtu, leo nawaambia ninyi msionijua.

#8 Nesi Mstaafu Masasi
Asante kwa kusema. Usione aibu, huo ni mwili unadai kitu. Tena huo udongo nao unazuia madini ya chuma yasinyonywe vizuri, na wakati mwingine unabeba mayai ya minyoo. Nenda kapime damu wiki hii, na waambie wakuangalie choo pia. Kama unaingia shambani peku au watoto wanacheza peku, minyoo ya safura inapenya kwenye ngozi ya mguu, inakwenda kukaa kwenye utumbo na kunywa damu kidogo kidogo. Usinunue vidonge tu dukani ukaanza kumeza bila kipimo.

#9 Mkulima Tandahimba
Naongeza. Chakula chetu nacho kitazamwe. Asubuhi chai ya rangi na muhogo, mchana ugali wa muhogo kwa kisamvu, usiku kiporo. Muhogo unashibisha tumbo ila mwili haupati kitu. Na ule muhogo mchungu unalegeza miguu kabisa, kuna watu walipata ugonjwa wa konzo huku kwetu. Huenda dada ana mwanzo wa konzo.

#10 Nesi Mstaafu Masasi
Mkulima, kwenye chakula tuko pamoja. Kwenye konzo hapana, usimtie hofu. Ni kweli Mtwara tulipata wagonjwa wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, mihogo michungu ilipoliwa bila kulowekwa na kukaushwa inavyotakiwa kwa sababu ya njaa. Lakini konzo inakuja ghafla, miguu inakakamaa na mtu anatembea kwa ncha za vidole, wala haiendelei kuongezeka polepole. Anayetembea kawaida kwenda shule kila siku na kurudi hana konzo.

Ulichosema kuhusu chai ndicho cha kushika. Chai ya rangi ukiinywa pamoja na chakula inakamata madini ya chuma tumboni. Inywe mbali na mlo, kama saa moja au mbili. Kisamvu na mchicha vina madini hayo ila mwili unayachukua kwa shida, kamulia limau au kula na embe (na msimu huu maembe yanaoza chini ya miti). Dagaa, samaki, maini, nyama hata kipande kidogo vinasaidia zaidi.

#11 Kuchele_86
Vipi kuhusu juisi ya rozela? Na bitiruti? Mke wangu alipewa bitiruti kila siku, damu ikapanda.

#12 Nesi Mstaafu Masasi
Kunywa, haidhuru, lakini rangi nyekundu siyo damu. Nadhani pamoja na bitiruti mkeo alipewa na vidonge. Muulize.

#13 Kuchele_86
Nimemuuliza. Amesema alipewa vidonge miezi mitatu na mimi nilikuwa sijui. Ameniuliza pia kwa nini naulizia habari zake mtandaoni saa nne usiku wakati ndoo ya maji iko tupu. Nakwenda kuchota, narudi.

#14 Mwalimu wa Ruangwa
Nimekuwa msomaji wa kimya hapa muda mrefu. Leo nachangia kwa kuwa nimeliona lile karai la vyombo kama langu.

Mimi ni mwanamume, naishi peke yangu kwenye nyumba ya mwalimu. Baba yangu alifariki mwezi wa 4 mwaka jana. Nilizika, nikarudi kazini, nikafundisha kama kawaida. Nyumbani ndiko mambo yalikoharibika. Sufuria ya ugali niliyoipika siku niliyorudi msibani ilikaa pale juu ya jiko wiki tatu. Iliota ukungu, ukungu ukakauka. Nilikuwa naipita nikienda kulala. Nilikula maandazi na soda. Nilikuwa na uzito kama mtu aliyejitwisha gunia la ufuta na hana pa kulitua. Damu nilipima: 14. Malaria hakuna. Sukari hakuna. Daktari akaniuliza vitu ambavyo sikutegemea kuulizwa na daktari: unalala vipi, chakula unakisikia ladha, mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini. Nikalia mbele yake. Akasema ni sonona, akanipangia kurudi kila wiki kuzungumza.

Kwa hiyo Nesi, nakubali damu ipimwe, lakini Mama Watatu ameandika neno limenigusa: "nimeanza kujichukia". Hilo nalo lipimwe.

Kuhusu vyombo, jirani yangu mama mmoja wa Kimwera ndiye aliyenisaidia. Hakunipa nasaha. Alikuja jioni na ndoo yake ya maji, akakaa kwenye kigoda mlangoni, akaniambia, "Mwalimu, niletee kijiko." Nikampa. Akaosha. "Niletee kingine." Akawa anaosha vile ninavyoleta, kimoja kimoja, anaongea habari za kuku wake. Siku ya pili alileta ndoo lakini akaniachia mimi kuosha, yeye akakaa tu. Siku ya nne hakuja, na mimi nikaosha kikombe kimoja nikiwa peke yangu. Kile kikombe nakikumbuka mpaka leo.

#15 Mjukuu wa Mikindani
Mwalimu pole kwa msiba wa mzee. Na huyo mama apate kheri.

#16 Dada wa Ufuta
Pole Mwalimu. Mimi nafanya kazi ofisini Lindi na nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza 2019 kuwa uchovu wa kuungua kabisa (burnout) ni ugonjwa rasmi. Mama Watatu huenda ana huo. Mwajiri anatakiwa kumpa likizo.

#17 Mwalimu wa Ruangwa
Dada wa Ufuta, nililifuatilia hilo wakati wangu. Limo kwenye orodha yao mpya ya magonjwa ya mwaka huo kweli, lakini wakasema wazi kwamba ni hali inayotokana na kazi, siyo ugonjwa, na wakasema ihusu kazi ya ajira tu. Kazi za nyumbani hawakuzitia.

#18 Dada wa Ufuta
Asante kwa kunisahihisha. Ila hapo ndipo napopata uchungu. Anayefundisha darasa la watoto 90 akichoka, kuna jina lake. Akirudi nyumbani akapika, akafua, akanyonyesha usiku mara nne, huko hakuna jina. Kwa nini?

#19 Abuu Kilwa
Assalaam alaykum. Nami nasema langu. Vipimo vipimwe, sikatai. Lakini jicho la hasidi lipo. Mwanamke aliyekuwa anaamka saa kumi na moja, nyumba inang'aa, mume ana lori, watu walimuona. Asome kinga asubuhi na jioni, asilale baada ya alfajiri, na aangalie nani anaingia jikoni kwake. Pia ajiulize analala saa ngapi. Mimi mke wangu alikuwa hivyo hivyo, tukagundua simu inazimwa saa saba usiku. Tulipoanza kuziweka simu sebuleni baada ya isha, wiki mbili tu akawa mwingine.

#20 Mjukuu wa Mikindani
Waalaykum salaam. Ustaadh, umesema mawili, jicho na simu, na aliyepona alipona kwa lipi?

#21 Abuu Kilwa
Kwa yote mawili, Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji. Siwezi kutenganisha.

#22 Mama Jiko Shangani
Ninyi mnaongelea sababu, mimi nataka kuongelea mikono. Nina watoto watano na nauza chakula, najua uchovu vizuri.

Dada, usikae kitandani ukirudi. Hilo ndilo kosa lako la kwanza. Mimi nikifika sivui viatu. Naingia na viatu vyangu moja kwa moja jikoni, nainjika maji, ndipo nafikiria kuvua. Ukishavua viatu mwili unajua kazi imekwisha. Vyombo nalowesha asubuhi kabla sijatoka, maji na sabuni kidogo, ugali haugandi, jioni ni kusuuza. Kila mtoto nimempa sahani yake na kikombe chake chenye rangi yake. Asiyeosha chake halii chakula kwenye cha mwenzake. Vyombo vilipungua nusu siku hiyo hiyo. Mbaazi na maharage naloweka usiku, napika mara moja ya siku mbili. Nyanya, vitunguu, kukuna nazi, kuchambua mchele, hivyo vyote navifanya nimekaa kwenye mkeka na miguu nimeinyoosha, sisimami kwa kazi ya kukaa. Nguo sisubiri zijae. Kila anayeoga anafua ya ndani yake hapo hapo bafuni. Mashuka nampa mama mmoja wa mtaani anafua kwa malipo, na sioni kama nimeshindwa.

Na mkaa niliuacha, nimenunua mtungi wa gesi. Kupuliza jiko nusu saa kunamaliza nguvu za kupikia. Gesi yenyewe ni yetu ya Mnazi Bay, tuitumie.

#23 Fundi Friji Lindi
Mama Jiko umeandika vizuri mno, nimemuita mke wangu asome na mimi nikasoma tena. Kitu kimoja tu: gesi ya mtungi haitoki Mnazi Bay. Ile ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, ni gesi asilia, inakwenda kwa bomba kwenye mitambo ya umeme na viwanda, na ndiyo iliyojengewa lile bomba la kwenda Dar lililokamilika 2015. Ya mtungi ni propani na butani, inaagizwa kwa meli kutoka nje. Kuna nyumba chache Mtwara na Lindi zilizounganishwa ile asilia kwa bomba, hizo ndizo zinapikia gesi ya kwetu.

#24 Mama Jiko Shangani
Kumbe! Miaka mitatu nawaambia wateja ni yetu. Sasa mbona hiyo ya bomba haijafika kwangu na mimi nipo hapa hapa?

#25 Mkulima Tandahimba
Tusiingie huko, uzi utafungwa. Turudi kwenye vyombo.

#26 Kuchele_86
Nimerudi, maji nimechota ndoo nne. Mama Jiko hapo kwenye rangi za sahani nimeiba.

#27 Dereva wa Kusini
Mimi ni dereva pia, siyo mume wa huyu dada, ila tupo barabara moja. Nataka niseme upande ambao hausemwi.

Msimu wa minada ya korosho tunalala chini ya lori. Ukifika nyumbani siku moja kati ya kumi na mbili unataka kukuta maji ya kuoga, chakula, na watoto wametulia. Ukikuta karai limejaa unasema moyoni, huyu alikuwa anafanya nini? Nilikuwa hivyo. Mke wangu hakunijibu. Siku moja aliugua, akalazwa siku tano, nami gari lilikuwa bovu, nikabaki na watoto wawili. Siku ya kwanza nilihesabu. Nilichota maji safari saba, nikawasha jiko mara nne, nikafagia mara tatu kwa sababu ya mwembe ule ule, na saa mbili usiku nilikuwa bado sijala. Siku ya tatu nilimpigia mama yangu aje. Siku tano tu, na mimi ninabeba magunia ya kilo 80.

Sasa nikifika nyumbani, la kwanza nafua. Sisubiri kuombwa. Kwa wenzangu mnaosoma: akisema amechoka usimuulize amechoshwa na nini.

#28 Dada wa Ufuta
Hapa nimesimama. Asante kaka.

#29 Babu wa Newala
Nimesoma yote kwa miwani. Mjukuu wa Mikindani aliniuliza kama nilikuwa nakaa na mama jikoni. Sikukaa. Mtoto wa kiume akishatoka jandoni hakukaa jikoni. Swali hilo limenilaza macho wazi.

Nimekumbuka kitu. Kuna kipindi, mdogo wetu wa mwisho amezaliwa, mama alikuwa akirudi shamba anajilaza chini ya mkorosho na jembe lake, hata saa nzima, ndipo anaingia ndani. Sisi tuliambiwa tusipige kelele, mama anasikiliza nyuki. Tuliamini. Leo nina miaka 71 ndiyo najiuliza kama kulikuwa na nyuki.

Binti yangu Mama Watatu, nilichosema kuhusu simu nakiondoa. Kapime damu.

#30 Mjukuu wa Mikindani
Babu, nimelia. Ahsante sana.

#31 Mkulima Tandahimba
Babu wa Newala, mlikuwa mnakula ming'oko msimu huo? Maana bibi yangu alisema mzazi alikuwa anatafutiwa ming'oko na kuku, anakatazwa kisamvu cha peke yake.

#32 Babu wa Newala
Ming'oko ilikuwa ya kiangazi, inachimbwa porini, inachemshwa kwa chumvi. Kuku alichinjiwa mzazi kweli, na maini hakula mtu mwingine. Hilo la maini nimelikumbuka sasa hivi baada ya kusoma maneno ya Nesi.

#33 Mama Watatu
Wapendwa, ni siku tisa tangu nifungue uzi huu. Nimepima. Damu ni 9.6, na minyoo ipo. Nimepewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, nimeambiwa nitavimeza miezi mitatu na nirudi kupima katikati. Choo kimekuwa cheusi, nilishtuka, nikaambiwa ni kawaida ya vidonge. Watoto nao wamepewa dawa ya minyoo. Udongo nimeacha siku sita, siku ya nne nilinunua kipande nikakitupa.

Nguvu bado. Nesi alishanionya kuwa hazirudi kwa siku tisa. Ila nimejaribu ya Mama Jiko ya kutovua viatu, na kweli siku nne kati ya sita imefanya kazi. Siku mbili nilikaa na viatu vyangu kitandani.

Ile ya Mwalimu niliifanya vingine. Nilimwambia mwenzangu tunayefundisha naye, anakaa mtaa wa pili. Tumeanza zamu, Jumanne anakuja kwangu tunafua wote, Alhamisi nakwenda kwake. Kwangu tulimaliza ndoo mbili na beseni mpaka saa kumi na mbili, na sikujua muda umekwenda. Kumbe na yeye kwake kulikuwa na rundo, na alikuwa anaogopa nisije kuliona.

Kuhusu kujichukia, nimemwambia daktari. Akasema tutalitazama damu ikipanda, kama litabaki. Baba watoto nimemtumia kiungo cha uzi huu. Amesoma, ameandika "sawa mama". Hajaandika kingine, lakini jana ametuma hela ya mtu wa kufua.

#34 Nesi Mstaafu Masasi
Vizuri sana mwanangu. Vidonge vikikusumbua tumbo meza baada ya chakula, usiache. Na hedhi hiyo nyingi irudie kuisema kliniki, maana ukijaza ndoo iliyotoboka utajaza mpaka lini?

#35 Abuu Kilwa
Alhamdulillah. Na kinga usiache.

#36 Dereva wa Kusini
"Sawa mama" ya dereva ni barua ndefu, dada. Mimi nilichukua mwaka mzima kufika hapo.

#37 Mgeni Liwale
Habarini. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi damu yangu ni 13, minyoo hakuna, sukari nimepima, tezi ya shingo nimepima, nalala masaa manane. Mume anachota maji, anafua, hana neno. Sina msiba. Na bado nikirudi shamba nakaa kwenye kizingiti na siwezi kuingia ndani kuwasha jiko. Nimesoma kuanzia #1 mpaka hapa na sijajiona popote. Mimi nina nini?

#38 Kuchele_86
Karibu jukwaani. Umeshapima malaria?

#39 Mgeni Liwale
Mara mbili. Hakuna.

#40 Nesi Mstaafu Masasi
Una umri gani, na ilianza lini?

#41 Mgeni Liwale
Miaka 47. Ilianza mvua za mwaka jana. Nalala masaa manane ila naamka nimelowa jasho kama nimemwagiwa maji.

#42 Mama Jiko Shangani
Hilo la jasho la usiku nalijua, na nina miaka 49. Nesi, lieleze hili, wengi tunalo na hatusemi.

#43 Nesi Mstaafu Masasi
Nakuja. Niinjike mboga kwanza, naandika ndefu. Mgeni, nijibu haya mawili wakati unanisubiri: hedhi inakwendaje siku hizi, na una kikohozi au umepungua uzito?